Maswali ya Wasomaji: Kupima Grafiki Jumuishi kwa Ajili ya Michezo ya Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, ninakusudia kununua kompyuta mpakato isiyo na kadi ya grafiki inayojitegemea, kwa kuwa ninaihitaji zaidi kwa masomo, ingawa ningependa pia kucheza michezo jioni. Nimelinganisha matokeo ya kompyuta mbili zenye grafiki ileile, Radeon 780M, katika kipimo cha Time Spy, nikakuta moja imeizidi nyingine kwa takribani robo nzima. Ikiwa chipu ni moja, tofauti hiyo inatoka wapi, na niamini alama ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, alama zote mbili zinaweza kuwa za kweli, kwa sababu kipimo hakikupima Radeon 780M peke yake. Kilipima kompyuta nzima kama mtengenezaji alivyoiunda: chipu, kumbukumbu iliyowekwa, kiasi cha umeme ambacho chipu inaruhusiwa kutumia, na uwezo wa feni kuondoa joto. Kadi ya grafiki inayojitegemea huja na kumbukumbu yake na mgao wake wa umeme, hivyo jina lake hutueleza mengi zaidi kuhusu uwezo wake. Grafiki jumuishi kama 780M, iliyomo ndani ya chipu moja na prosesa, haina hata kimoja kati ya hivyo, kwani kila inachotumia inagawana na prosesa. Ndiyo maana ninawasihi wasomaji wasiishie kuuliza 780M ina alama ngapi, bali waulize kompyuta hii hasa, yenye kumbukumbu hii na wati hizi, imepata alama ngapi.

Tuanze na kumbukumbu, maana hapo ndipo tofauti kubwa hujificha. Kuchora fremu (picha) moja ya mchezo kunadai kusoma na kuandika data nyingi mno, na grafiki jumuishi huifanya kazi hiyo kupitia RAM ileile inayotumiwa na prosesa, mithili ya nyumba mbili zinazochota maji kwenye bomba moja. Kasi ya kupitisha data inajulikana na inaweza kukokotolewa. Kipande kimoja cha RAM ya DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, na vipande viwili vinavyofanya kazi kwa njia mbili (dual channel) hupitisha 51.2. DDR5-5600 hupitisha 44.8 kwa njia moja na 89.6 kwa njia mbili, ilhali LPDDR5X-7500, ambayo huwa imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama, hufikia 120. Kadi ya RTX 4050 ya kompyuta mpakato, kwa kulinganisha, ina kumbukumbu yake yenyewe inayopitisha gigabaiti 192 kwa sekunde bila kugawana na yeyote. Maana yake ni kwamba kompyuta mbili zenye 780M, moja ikiwa na kipande kimoja cha DDR5-5600 na nyingine ikiwa na LPDDR5X-7500, hupishana kwa zaidi ya mara mbili na nusu katika jambo ambalo grafiki inalihitaji kuliko yote, na bado lebo zilizobandikwa juu yake ni zilezile.

Kampuni ya Intel imeliingiza jambo hili hata katika kanuni yake ya majina. Grafiki ya Iris Xe, iliyokuja na prosesa za kizazi cha 11 mwaka 2020, huitwa kwa jina hilo pale tu kompyuta inapokuwa na kumbukumbu ya njia mbili. Ikiwa kumbukumbu ni ya njia moja, chipu hiyohiyo hutambulishwa kwa jina la kawaida la UHD Graphics. Mnunuzi anayeona jina la UHD kwenye kompyuta ambayo maelezo ya prosesa yake yanataja Iris Xe asidhani ametapeliwa chipu. Afungue kwanza kifuniko, au asome maelezo ya kompyuta, aone kama kuna nafasi ya kipande cha pili cha RAM.

Baada ya kumbukumbu huja umeme. Radeon 780M hupatikana ndani ya prosesa ya AMD, Ryzen 7 7840U, ambayo watengenezaji wa kompyuta wanaruhusiwa kuipangia kati ya wati 15 na 30, na hupatikana pia ndani ya Ryzen 7 7840HS, yenye kiwango cha kati ya wati 35 na 54. Wati hizo ni za prosesa na grafiki kwa pamoja. Kompyuta nyembamba iliyopangiwa wati 15 ikipewa mchezo unaoichosha prosesa, grafiki hunyimwa umeme na kasi yake hushuka, hata kama joto halijafika kiwango cha kutisha. Kwa mtazamo wangu, tathmini yoyote ya kompyuta mpakato isiyotaja wati zilizotumika wakati wa jaribio ni pungufu, hata iwe na majedwali mengi kiasi gani.

Kanuni hizohizo zinaeleza kwa nini kuongeza vitengo vya kuchora hakuongezi kasi kwa kadiri ileile. Radeon 890M ya mwaka 2024 ina vitengo 16, ikilinganishwa na 12 vya 780M, yaani ongezeko la theluthi moja. Katika michezo mingi hutaiona theluthi hiyo yote, kwa kuwa vitengo vipya vinasubiri data kutoka kwenye kumbukumbu isiyoongezeka kasi kwa kiwango hicho, na vinagawana umeme uleule.

Sasa kuhusu kipimo chenyewe. Time Spy ilitolewa mwaka 2016, na huchora picha ya pikseli 2560 kwa 1440, yaani pikseli 3,686,400 kwa kila fremu, takribani mara 1.8 ya zile za skrini ya 1920 kwa 1080. Ilikusudiwa kompyuta za michezo zenye kadi zinazojitegemea. Grafiki jumuishi nyingi hutoa humo fremu chache mno kwa sekunde, kiwango ambacho hakuna mchezaji angekivumilia, na wewe hutacheza kwa mipangilio hiyo kamwe. Inafaa kwa kulinganisha kompyuta moja na nyingine, lakini isitumike kutabiri hali ya mchezo. UL, kampuni inayotengeneza 3DMark, mkusanyiko wa vipimo ambamo Time Spy imo, ilitoa Night Raid mwaka 2018 mahsusi kwa ajili ya grafiki jumuishi, na mwaka 2024 ikaongeza Steel Nomad Light kwa mashine zisizo na nguvu nyingi. Ukipata matokeo ya vipimo hivyo, au ya Fire Strike ya mwaka 2013, ambayo huchora kwa 1920 kwa 1080 na kutumia DirectX 11, utakuwa karibu zaidi na mazingira yako halisi.

Jambo la mwisho kwa swali hili: usisome alama ya jumla. Fire Strike, Time Spy na Night Raid hutenganisha alama ya grafiki na ya prosesa, kisha huzichanganya kupata alama moja kubwa ambayo ndiyo hutangazwa. Prosesa yenye viini vingi inaweza kuipandisha alama hiyo bila grafiki kuongeza lolote. Tafuta mstari wa grafiki peke yake, kisha hakiki kwamba kompyuta zote mbili zilipimwa kwa toleo moja la kipimo. Alama ya Night Raid na alama ya Time Spy hazina uhusiano wowote wa kihesabu, na kuziweka katika jedwali moja ni kosa ninalolikuta mara nyingi mno katika matangazo ya wauzaji.

SWALI: Je, kuna njia ya kubadili alama ya kipimo ili nijue nitapata fremu ngapi kwa sekunde katika mchezo ninaoupenda? Sina mpango wa kucheza vipimo, bali michezo.

JIBU: Hakuna kikokotoo cha kuaminika cha kubadili alama kuwa fremu, lakini kuna njia ya kukadiria kwa uwiano. Tafuta kompyuta ambayo alama yake ya grafiki unaijua na ambayo mtu ameipima katika mchezo wako kwa mipangilio inayoelezwa waziwazi. Ikiwa ilipata alama 2,000 na fremu 40 kwa sekunde, na kompyuta unayoitaka imepata 3,000 katika kipimo kilekile, makadirio ya kwanza ni fremu 60. Makadirio hayo yanasimama pale tu grafiki inapokuwa ndiyo inayochelewesha mchezo. Katika michezo ya mashindano kama Valorant na Counter-Strike 2, hasa ukiwa umeshusha ubora wa picha, mara nyingi prosesa ndiyo hufika mwisho wa uwezo wake kwanza, na uwiano wa alama za grafiki hupoteza maana. Katika mchezo mzito kama Cyberpunk 2077, grafiki jumuishi huelemewa mapema, na uwiano huo huwa na manufaa zaidi.

Hesabu ya pikseli nayo husaidia. Skrini ya 1280 kwa 720 ina pikseli 921,600, na ya 1920 kwa 1080 ina 2,073,600, yaani mara 2.25. Kushuka kutoka ya pili hadi ya kwanza hakuzidishi fremu kwa 2.25 kamili, kwa kuwa kuna kazi katika kila fremu ambayo haitegemei idadi ya pikseli, ila mara nyingi ndiko kunakougeuza mchezo usiochezeka kuwa unaochezeka. Angalia pia kwamba kompyuta mpakato nyingi za sasa zina skrini ya 1920 kwa 1200, ambayo ina pikseli 11% zaidi ya 1920 kwa 1080. Mtu akipima kwa 1080 nawe ukacheza kwa ukubwa kamili wa skrini yako, tayari mmetofautiana kabla mchezo haujaanza.

Ningependa nikae kidogo kwenye suala la wastani, kwa sababu ndilo linalowaumiza wachezaji wengi baada ya kununua. Fremu 60 kwa sekunde ni sawa na milisekunde 16.7 kwa kila fremu, na fremu 30 ni milisekunde 33.3. Chukulia sekunde moja ya mchezo ambamo fremu 59 zilichukua milisekunde 15 kila moja, na fremu moja ikachukua milisekunde 115. Jumla ni milisekunde 1,000, fremu ni 60, na ripoti itaandika kwa fahari kwamba wastani ni 60. Lakini mchezaji ameona picha ikiganda kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kama alikuwa anamlenga adui, amekwisha kupoteza. Hali hii hujitokeza kwa urahisi katika grafiki jumuishi, kwa kuwa RAM inapojaa, au prosesa inapochukua umeme ghafla, fremu chache hucheleweshwa huku nyingine zikipita salama. Kwa hiyo tafuta tathmini zinazotaja kiwango cha fremu katika 1% ya fremu zilizo za polepole zaidi. Kompyuta yenye wastani wa 48 na kiwango hicho cha chini cha 38 itakupendeza kuliko yenye wastani wa 58 na kiwango cha chini cha 19. Mimi ningechagua ya kwanza bila kusita.

Ukipata nafasi ya kuipima kompyuta mwenyewe, tumia PresentMon au CapFrameX, programu zinazorekodi muda wa kila fremu. Michezo kama Cyberpunk 2077 na Shadow of the Tomb Raider ina jaribio lake ndani ya menyu, jambo linalokupa njia ileile kila unapopima. Kwa michezo isiyo na jaribio la ndani, chagua sehemu moja yenye shughuli nyingi, uipite kwa namna ileile mara tatu, kisha uitupe rekodi ya mzunguko wa kwanza, kwa kuwa mara nyingi mchezo huwa bado unaandaa mahesabu yake ya kuchorea.

Tena, kagua kama matokeo unayosoma yalipatikana kwa msaada wa programu za kukuza picha, kama FSR ya AMD au XeSS ya Intel, ambazo huchora picha ndogo kisha kuipanua. Mimi nazikubali, na kwa grafiki jumuishi ni msaada mkubwa, mradi mwandishi aseme amezitumia na kwa kiwango gani. Fremu za kubuni ni suala jingine. Programu za kuzitengeneza huingiza fremu ya kukisia kati ya fremu mbili halisi, hivyo namba huweza kukaribia kuongezeka maradufu, ilhali mchezo unaendelea kuitikia vidole vyako kwa mwendo wa fremu halisi, au polepole zaidi kidogo. Fremu 25 halisi zilizokuzwa kuwa 45 bado zitakuwa nzito mkononi.

SWALI: Kompyuta yangu ilipata alama nzuri nilipoinunua. Hata hivyo, nikicheza kwa dakika kumi au kumi na tano mchezo huanza kukwama, na nikichomoa chaja hali huwa mbaya zaidi. Je, chipu imeharibika?

JIBU: Kuna uwezekano mdogo. Prosesa za kompyuta mpakato huruhusiwa kuvuka kiwango chao cha kawaida cha umeme kwa muda mfupi, kisha hurudishwa chini pale muda huo unapoisha au joto linapopanda. Kipimo kifupi hunasa zile dakika za mwanzo, ilhali mchezo wa saa nzima huishi katika zile zinazofuata. Majaribio ya ustahimilivu ya 3DMark yaliundwa kwa sababu hii: hurudia kipimo kimoja mara 20 na kulinganisha mizunguko, na kompyuta hufaulu ikiwa uthabiti wa fremu haukushuka chini ya 97%. Kama huna majaribio hayo, endesha mchezo wako kwa nusu saa huku programu ya HWiNFO ikirekodi wati, joto na kasi ya grafiki. Wati zikishuka joto likiwa juu, safisha feni na matundu ya hewa, na usiiweke kompyuta juu ya godoro au mto. Wati zikishuka joto likiwa la wastani, hiyo ni mipangilio ya mtengenezaji, na huenda kuna hali ya utendaji wa juu unayoweza kuichagua katika programu yake.

Kuhusu chaja, kompyuta nyingi hupunguza wati kwa makusudi zinapotumia betri. Ukilinganisha alama, linganisha za kwenye umeme kwa za kwenye umeme.

SWALI: Je, kampuni za chipu haziwezi kutengeneza draiva (programu zinazoiendesha grafiki) zinazovitambua vipimo na kutoa alama zisizo za haki?

JIBU: Zinaweza, na kuna mfano unaohusu grafiki jumuishi moja kwa moja. Mwaka 2009 tovuti ya The Tech Report ilionyesha kwamba draiva ya Intel ilikuwa ikilitambua jina la faili la 3DMark Vantage, na ikishalitambua, ilihamishia sehemu ya kazi ya grafiki kwenye prosesa. Jina la faili lilipobadilishwa, alama ilishuka. Intel ilijibu kwamba njia hiyohiyo ilitumika pia katika baadhi ya michezo halisi, na kwa hiyo iliwafaa watumiaji. Utetezi huo hauondoi tatizo la msomaji: alama ilieleza namna draiva inavyokitendea kipimo kimoja kilichotajwa kwa jina, na mchezo usiokuwamo katika orodha haukupata huduma hiyo.

Kinga yake ni kutotegemea kipimo kimoja. Alama za vipimo viwili vya aina tofauti, pamoja na matokeo ya michezo mitatu au minne, huwa vigumu kuzipamba zote kwa pamoja. Ikiwa kompyuta inang'ara katika Time Spy lakini inabaki nyuma katika kila mchezo, amini michezo. Tazama pia tarehe ya jaribio na toleo la draiva, maana draiva ya grafiki mpya huweza kuboreshwa sana katika miezi ya kwanza, na tathmini iliyoandikwa siku ya uzinduzi hupitwa na wakati.

Napenda kuongeza tahadhari kuhusu tovuti zinazokusanya alama kutoka kwa watumiaji na kuonyesha wastani wa kila chipu. Ndani ya wastani huo kuna kompyuta za njia moja na za njia mbili, za wati 15 na za wati 30, zilizokuwa kwenye chaja na zilizokuwa kwenye betri. Kwa kadi inayojitegemea wastani huo unavumilika. Kwa grafiki jumuishi, unaweza kupata namba ambayo haiielezi kompyuta yoyote iliyopo dukani.

SWALI: Nina kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8, na katika BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) naona grafiki imetengewa megabaiti 512 tu. Nikiiongezea hadi gigabaiti 4, je, alama na fremu zitaongezeka?

JIBU: Kwa kawaida hutaona ongezeko la maana, na kwa RAM ya gigabaiti 8 unaweza hata kujidhuru. Megabaiti 512 ni kiasi kilichotengwa moja kwa moja tu. Grafiki ikihitaji zaidi, Windows huiruhusu kuazima kutoka kwenye RAM iliyobaki, kwa kawaida hadi takribani nusu ya RAM yote. Kutenga zaidi hakuifanyi RAM iwe na kasi zaidi. Faida hujitokeza katika michezo michache inayokagua kiasi kilichotengwa kabla ya kukubali kuwaka au kabla ya kupakia picha za ubora wa juu, na hapo gigabaiti 2 zinaweza kusaidia. Lakini ukitenga 4 kati ya 8, Windows na mchezo vitabaki na 4, data itaanza kuhamishiwa kwenye diski, na zile fremu zinazochelewa ambazo nimezieleza hapo juu zitaongezeka.

Kabla ya kugusa BIOS, fungua programu ya CPU-Z uangalie kama kumbukumbu inafanya kazi kwa njia moja au mbili. Ikiwa ni moja na kompyuta ina nafasi iliyo wazi, ongeza kipande cha pili cha gigabaiti 8 chenye kasi sawa na cha kwanza, kisha rudia kipimo kilekile ukiwa kwenye chaja. Hayo ndiyo mabadiliko pekee ninayoweza kuyapendekeza kwa kompyuta yako bila masharti mengine, kwa kuwa yanaongeza ukubwa wa RAM na kasi ya kupitisha data kwa mara moja.